Acha Wacheze Bila Wewe

Barua za wasomaji wanaobuni michezo ya kuigiza mezani zinafanana mno. Mwenye barua ana daftari lililojaa: ramani ya bara zima, nasaba za masultani, majina ya majini na kazi zao, hata sarafu zimechorwa. Kisha linakuja swali. Aanzie wapi kuligeuza daftari hilo kuwa mchezo? Na atajuaje kama mchezo wenyewe unachezeka?

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye meza ya namna hii, mambo huenda hivi. Watu watatu hadi watano wanakusanyika na kila mmoja anamshika mhusika wake. Mara nyingi mmoja wao anakuwa msimulizi: anaeleza mahali, anawasemea watu wengine wote waliomo hadithini, na dadu au karata zinaamua pale ambapo hakuna ajuaye kitakachotokea. Dungeons & Dragons, ya Gary Gygax na Dave Arneson, ilitoka Marekani mwaka 1974: vijitabu vitatu ndani ya sanduku, nakala 1,000. Tangu hapo wabunifu wasio na kampuni nyuma yao wametoa michezo ya kila namna, mingine minene kama kamusi, mingine ya ukurasa mmoja tu.

Jibu la swali ni hili: weka daftari pembeni, andika kurasa mbili, waite watu watatu, mcheze wiki hii hii. Yanayofuata ni namna ya kufanya hivyo bila kupoteza mwaka mzima na marafiki wote.

## Kabla ya dunia, kitendo

Jared Sorensen, aliyebuni InSpectres, anajulikana miongoni mwa wabunifu kwa maswali matatu. Yajibu kwa sentensi moja moja kabla ya kuandika kanuni yoyote:

- Mchezo unahusu nini?
- Unalifanyaje hilo mezani?
- Unamlipa nini mchezaji anayelifanya?

Chukua mfano. Jahazi limetia nanga Mombasa, kaskazi inafifia, na mabaharia wanasubiri kusi iwapeleke Maskati. Wachezaji ndio mabaharia hao. Wana madeni mjini, wana wapenzi, wana mizigo ambayo forodha haina habari nayo. Mchezo unahusu watu wanaolazimika kuchagua nani wa kumwacha nyuma. Unafanyaje? Kila zamu karata moja inafunuliwa. Ikitoka shupaza, upepo umegeuka kidogo. Shupaza ya nne ikitoka, nanga inang'olewa: aliyemo yumo, asiyemo kaachwa. Malipo? Anayemlipia mwenzake deni anapata nafasi moja ya kurudia kurusha dadu.

Swali la tatu ndilo wengi wanaloruka, na ndilo linalouma baadaye. Wachezaji hufanya kinacholipwa, hata utangulizi useme nini. Dungeons & Dragons ya mwanzo ilitoa pointi nyingi zaidi kwa hazina iliyotolewa shimoni kuliko kwa mazimwi yaliyouawa. Matokeo yake, wachezaji werevu walijifunza kunyatia, kuiba na kukimbia. Ukiandika mchezo wa mapenzi kisha ukatoa pointi kwa kila adui aliyeuawa, jiandae kwa maiti nyingi na posa chache.

## Dadu za ludo zinatosha

Wasomaji wengi wana hofu ya vifaa. Dadu zenye pande ishirini hazipatikani duka la mtaani, na kuziagiza ni gharama. Basi usizitumie. Ken St. Andre wa Phoenix, Arizona, aliusoma mchezo wa Gygax na Arneson akaona kanuni hazieleweki, na dadu zake za ajabu hana. Akaandika mchezo wake kwa dadu za kawaida za pande sita. Tunnels & Trolls ulitoka mwaka 1975 na umeendelea kuchapwa kwa miongo.

Vifaa vilivyokwisha kuthibitishwa na wengine:

- Dadu za pande sita. Fiasco wa Jason Morningstar (2009) unazitumia peke yake, na hauna msimulizi kabisa.
- Karata za kawaida. The Quiet Year wa Avery Alder unaendeshwa na karata 52 na karatasi ya kuchorea ramani.
- Mnara wa Jenga. Katika Dread, kila jambo la hatari ni kuchomoa kipande. Mnara ukianguka, mhusika wa aliyeuangusha ametoka. (Jenga yenyewe aliiuza kwa mara ya kwanza Leslie Scott, aliyekulia Afrika Mashariki, mjini London mwaka 1983.)
- Namba moja tu. Lasers & Feelings wa John Harper unampa kila mchezaji namba kati ya 2 na 5. Kazi za akili na mitambo zinataka dadu iwe chini ya namba hiyo, kazi za moyo na maneno zinataka iwe juu. Mchezo mzima umeenea ukurasa mmoja.

Ukichagua dadu, piga hesabu kabla ya kuwaita watu. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Apocalypse World wa Vincent na Meguey Baker (2010) uliigawa jumla katika mafungu matatu: 6 kushuka chini mambo yanaharibika, 7 hadi 9 unapata kwa gharama, 10 na kuendelea unapata ulichotaka. Bila nyongeza, njia 15 zinaangukia fungu la chini, 15 la kati, na 6 tu la juu. Mpe mchezaji nyongeza ya 2, picha inageuka: 6, 15, 15. Nyongeza ya 2 inaonekana ndogo kwenye karatasi ya mhusika, lakini mezani inatenganisha mtu mwenye mkosi na bingwa. Wanaotoa nyongeza za 4 na 5 kwa ukarimu hushangaa baadaye kwa nini hakuna anayeogopa chochote.

## Kurasa mbili, si zaidi

Rasimu ya kwanza iwe na:

1. Aya moja ya mahali na hali. Moja.
2. Namna ya kumtengeneza mhusika ndani ya dakika kumi.
3. Kanuni moja ya kuamua mambo yasiyojulikana.
4. Kinachousukuma muda mbele: karata, saa, madeni, njaa.
5. Namna mchezo unavyokwisha.

Historia ya masultani haimo. Sarafu hazimo. Orodha ya silaha haimo, isipokuwa kama silaha ndizo mchezo wenyewe. Usinunue picha ya jalada wala usimlipe mchoraji katika hatua hii. Ukishalipia mchoro wa nahodha mwenye jicho moja hutakuwa na moyo wa kumfuta nahodha huyo, hata mchezo ukikuomba ufanye hivyo.

Kufuta ni nusu ya kazi. Chris McDowall, katika Into the Odd, aliiondoa kabisa hatua ya kurusha dadu ili kujua kama pigo limempata adui. Pigo linampata daima. Kinachobaki ni kujua limeumiza kiasi gani. Mapigano yakawa mafupi na ya kutisha, na watu wakaanza kuyafikiria mara mbili. Pitia kila kanuni ukijiuliza nini kitaharibika ikiondoka. Jibu likichelewa, iondoe kwa kikao kimoja uone.

## Majaribio manne, kwa mpangilio

La kwanza, peke yako. Tengeneza wahusika watatu, rusha dadu, funua karata, andika kilichotokea. Utagundua makosa ya aibu: namba zisizofikika, hatua inayotaja kitu kisichoelezwa popote. Usidanganyike kwamba ukifurahi peke yako mchezo umekaa sawa. Paul Czege, aliyebuni My Life with Master, anakumbukwa kwa onyo lake kuwa haifurahishi mtu mmoja anapojitungia tatizo la mhusika wake na suluhisho lake pia. Ndilo unalofanya hapa, kwa hiyo jaribio hili ni la kukagua mabomba tu.

La pili, wewe ukiwa msimulizi. Rafiki watatu, saa mbili, chai. Hapa unatafuta jambo moja: je, kuna kitu? Kuna dakika hata moja watu waliposogea mbele kwenye viti? Kama haipo, badilisha wazo kabla ya kubadilisha namba.

La tatu, mwingine akiwa msimulizi na wewe umekaa pembeni kimya. Hili ndilo jaribio lenyewe. Mawili yaliyotangulia yanakuandaa kwa hili.

La nne, watu usiowajua, wewe haupo. Tuma faili, omba wakurekodie sauti wakiridhia, subiri.

## Kukaa kimya ni kazi

Kwenye jaribio la tatu wabunifu karibu wote huanguka. Msimulizi anakwama kwenye aya, mbunifu anadakia: "Hapana, hapo nilimaanisha..." Mara moja anakuwa ameziba tundu kwa mdomo wake, na tundu linabaki kwenye karatasi. Atakayeununua mchezo Arusha au Toronto hatapata huo mdomo.

Chukua kalamu, andika saa na kilichotokea, basi. Kikao cha mchezo wa jahazi kingeweza kuacha maandishi kama haya:

- *Dakika ya 5.* Msimulizi anaisoma aya ya karata mara ya pili. Midomo inatembea.
- *Dakika ya 12.* Sarahangi anauliza: "Deni ni la pesa au la heshima?" Karatasi haisemi. Msimulizi anaamua la heshima. Meza inachangamka.
- *Dakika ya 31.* Shupaza ya tatu mfululizo. Hakuna aliyelipa deni lolote.
- *Dakika ya 40.* Mpishi hajagusa dadu tangu mwanzo. Yuko kwenye simu.
- *Dakika ya 52.* Ugomvi na vicheko: nani akamwambie mke wa nahodha? Hakuna kanuni iliyotumika.

Kila mstari unataka dawa yake, na dawa si mara zote kuongeza kanuni.

Dakika ya 5 ni tatizo la uandishi: vunja aya iwe hatua zenye namba, weka mfano mmoja. Dakika ya 12 ni zawadi. Mchezaji amekuonyesha jambo bora kuliko lililokuwa kichwani mwako. Liandike, sasa madeni yote ni ya heshima.

Dakika ya 31 ni hesabu. Karata 52 zina shupaza 13, na kwa wastani ya nne hutoka karibu na karata ya 15. Lakini wastani hauchezi, wanaocheza ni watu, na usiku mmoja shupaza zitakuja zote pamoja. Panga karata zenyewe: mafungu manne ya karata tano, shupaza moja tu katika kila fungu, changanya kila fungu peke yake kisha yabebanishe. Sasa jahazi haliwezi kuondoka kabla ya karata ya 16 wala baada ya 20, na bado hakuna ajuaye ni ipi. The Quiet Year unatawala muda kwa njia ya jamii hiyo: kila aina ya karata ni msimu wake, na mchezo unakatika anapotokea mfalme wa shupaza, popote atakapokuwa ndani ya majira ya baridi.

Dakika ya 40 ndiyo ya kutia wasiwasi. Simu mezani inaeleza zaidi kuliko fomu yoyote ya maoni. Mpishi hana deni, hana siri, hana sababu ya kushuka pwani. Mpe, au mwondoe.

Na dakika ya 52? Iache. Watu wakigombana vizuri bila dadu, usiwapelekee dadu.

## Baada ya mchezo

Usiulize kama wamependa. Rafiki watasema wamependa, kwa adabu tu, hasa ukiwa umewalisha. Uliza yanayojibiwa kwa tukio:

- Wakati gani hukujua ufanye nini?
- Kanuni ipi uliisahau au uliikwepa?
- Ungemsimulia mtu kesho, ungemwambia nini kilitokea?
- Ni lini ulianza kuchoka? Taja jambo lililokuwa likiendelea.

Mtu akisema "ungeongeza uchawi," usibishe na usikubali. Andika, kisha uliza alikuwa anataka kufanya nini pale wazo hilo lilipomjia. Mara nyingi shida ni ya kweli na dawa aliyoitaja si yake.

Kampuni kubwa hazihitaji kukaa pembeni hivi. Toleo la tano la Dungeons & Dragons lilijaribiwa hadharani kuanzia 2012 hadi lilipotoka 2014, na wachezaji walijaza hojaji kwa wingi. Mbunifu mwenye meza tano hana takwimu, ana macho. Kwa hiyo badilisha jambo moja au mawili tu kati ya kikao na kikao, andika tarehe juu ya kila rasimu, na usiifute ya zamani.

## "Lakini..."

"Wataniibia wazo." Kwa sheria za Marekani, wazo la mchezo na namna ya kuucheza havina hakimiliki, maandishi na michoro yako vinayo. Ukificha, unapoteza majaribio na hujalinda chochote. Wenye majina wanafanya kinyume. Vincent na Meguey Baker waliruhusu wengine wajenge juu ya mpangilio wao, na Dungeon World (2012) ni moja ya matunda. Kanuni za Blades in the Dark za John Harper zimewekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons.

"Rafiki zangu hawajawahi kucheza michezo hii." Vizuri sana. Mzoefu anajaza mapengo ya maandishi yako kwa alichokizoea kwingine, bila hata kujua. Mgeni anasimama pale pale penye pengo.

"Niandike Kiswahili au Kiingereza?" Sikiliza meza. Kama kanuni ni za Kiingereza na kila baada ya dakika mbili msimulizi anawatafsiria wenzake, basi mchezo unaojaribiwa ni tafsiri yake, si maandishi yako. Waandikie kwa lugha wanayotumia kugombana.

"Sina watu." Punguza. Mchezo wa wawili unahitaji mtu mmoja tu, na mchezo wa mtu mmoja upo: tangu 1976 Tunnels & Trolls ulikuwa na visa vya kuchezwa peke yako. Ila aujaribu mtu mwingine, si wewe.

## Tahadhari isiyosubiri

Majahazi ya kusi hayakubeba boriti na pembe tu. Yalibeba watumwa pia. Mchezo unaowaweka watu bandarini Mombasa ya zamani utagusa hilo, upende usipende, na mezani anaweza kukaa mtu ambaye kwake hiyo ni habari ya nyumbani. Amua kabla ya kikao, na useme wazi kabla dadu hazijatoka: yapi hayamo kabisa, yapi yamo lakini hayaelezwi kwa undani. Weka pia katikati ya meza kadi yenye alama ya X, kama alivyopendekeza John Stavropoulos. Anayeigusa anaomba jambo lililopo lirukwe, na hadaiwi maelezo. Kadi ikiguswa wakati wa jaribio, iandike kama unavyoandika mengine, lakini usimhoji aliyeigusa.

## Lini inatosha

Hakuna idadi ya vikao inayofaa kila mchezo, ila dalili zipo. Vikundi viwili visivyokujua vimecheza hadi mwisho. Maswali yanayokuja ni ya hadithi, si ya kanuni. Rasimu tatu zilizopita zimebadilisha maneno tu. Hapo sasa fungua lile daftari, uchague kurasa chache za masultani zinazosaidia meza. Mtafute mchoraji, umlipe.

Kwa kuchapa, A4 iliyokunjwa katikati na kupigwa stepla inatosha kabisa. Idadi ya kurasa igawanyike kwa nne, la sivyo utabaki na kurasa tupu mwishoni. Toa nakala moja kwanza, uikunje, uisome kwenye taa hafifu ya sebuleni, kwa sababu ndiko itakakosomwa. Herufi za pointi nane zinazopendeza kwenye skrini hapo hazisomeki. Ukurasa wa mhusika uwe peke yake ili fundi wa stesheneri autolee fotokopi bila kuchana kijitabu.

Na ukurasa wa ndani ya jalada uwe na majina ya waliojaribu, wote, pamoja na yule mpishi aliyekaa kwenye simu. Waulize kwanza kama wanataka kutajwa, na wanaandikaje majina yao.